Kamba Wenye Magando Mekundu Niliowatia Bwawani

Asalaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni. Mmeniita hapa Mabawa kwa kuwa kikundi chenu kinataka kufuga samaki. Nimekuja kuwaeleza nilivyoliharibu bwawa la kijiji chetu, kule kilimani upande wa Mwera, kisha nikanyamaza. Majina sitayataja, ila mwenye kosa mnamwona, ndiye huyu aliyesimama.

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni, Ushongo. Mgeni mmoja akanisimulia kwamba kwao hufuga kamba wa maji baridi, wenye magando mekundu kama kambakochi wadogo. Neno lile likanikaa. Nikatafuta mpaka nikampata mtu wa mbali, akaniletea ndoo nzima, wakiwa hai. Sikumwuliza mtu. Siku ya Ijumaa, wanaume wenzangu wamo msikitini, mimi niko bwawani namwaga ndoo. Niliwaza wataongezeka, niwauze mahotelini.

Na kweli, waliongezeka.

Mchana hujificha matopeni, kwa hiyo wachache waliwaona, na waliowaona walidhani ni kaa tu. Lakini majani ya majini yalikatwa yote, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mwaka wa pili vifaranga vya perege havikuonekana, maana kamba wale hula mayai ya samaki. Vyura, ambao zamani kelele zao zilifunika adhana, wakanyamaza.

Kijiji kikaitisha mkutano. Watu wakasema kuna mtu anatia utupa, ile sumu ya mti ya kuvulia. Macho yote yakamwangukia jirani yangu, mzee ambaye maisha yake yote kavua pale kwa ndoana. Akaapa, hawakumsikiliza. Akapigwa marufuku kuvua. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimekaa mstari wa pili, na waliponyoosha mikono, nami nilinyoosha.

Mke wangu alijua. Aliniwekea chakula, lakini yeye hakukaa.

"Mzee wa watu umembebesha mzigo wako," akasema. "Mkewe tunachota maji pamoja. Nitamtazamaje?"

Nikala peke yangu. Mnacheka, lakini yalinikuta.

Masika ilipoanza, tuta la bwawa likavuja. Kamba walikuwa wamelitoboa mashimo kila mahali, na chini yake kuna mpunga wa kijiji kizima. Tukakimbilia na majembe na viroba vya mchanga. Nikamkuta jirani yangu yumo majini mpaka kifuani, anashindilia udongo kwa mikono.

Mtu mmoja akamwambia, "Mzee, wewe si umekatazwa hapa?"

Akajibu bila kuinua uso, "Nimekatazwa kuvua. Kuziba sijakatazwa."

Wallahi, nilitupa jembe. Nikashuka majini, nikaingiza mkono kwenye shimo moja, nikamtoa kamba. Kanibana kidole mpaka damu. Nikamwinua juu watu wote wamwone.

"Hawa ni wangu," nikasema. "Nimewaleta mimi. Mzee huyu hajatia sumu hata siku moja."

Wapo waliotaka kunipiga, na sikuwalaumu. Mzee akanyoosha mkono, akasema, "Utanieleza baadaye. Sasa nipe kiroba."

Tuta lilisimama. Mkutano ukarudiwa, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale, na marufuku ikaondolewa. Akaja bwana samaki wa wilaya, akatuonya tusitie sumu, itaua kila kiumbe, wala tusimhamishe hata kamba mmoja hai. "Tegeni kila siku," akasema, "na msichoke." Kusuka madema, ile mitego ya kuzamisha majini, nilifundishwa na mzee yuleyule. Chambo ni utumbo wa samaki. Wengine walitaka kuwala kamba wale, wengine wakasema ni jamii ya kaa, kaa sisi hatuli. Tukaacha ubishi: tunawachemsha, tunawaanika, tunawatwanga, kuku wananenepa. Kiangazi maji yakipungua, tunaziba mashimo.

Hawajaisha, na sijaahidiwa kwamba wataisha. Lakini dema lililokuwa likijaa sasa linatoka na wawili, watatu. Mwezi uliopita mzee akaniita kwa kelele nikadhani kaumwa na nyoka. Kumbe ni vifaranga vya perege, kundi zima, ukingoni. Tulisimama pale, watu wazima wawili, tunachekelea samaki wadogo kama ukucha.

Namshukuru mke wangu ambaye hakunifichia ukweli, bwana samaki, na wanakijiji wanaotega pamoja nami hadi leo. Mzee huyo Mungu amzidishie umri. Nanyi, kabla hamjatia kiumbe kigeni majini, ulizeni wanaojua. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilidhani nikisema kijiji kitanifukuza. Kijiji kilinipa dema nikaanze kazi.