Viberiti vya Mlangoni pa Baa

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu. Sitawachosha, ingawa mama watoto anasema nikishikishwa maikrofoni siachii. Leo nimekuja kushukuru. Majina sitataja kwa sababu wenyewe wameniomba, na mmoja amenitisha kabisa.

Wengi mnajua nilikuwa fundi wa mashine kiwanda cha nguo, kule Baba Dogo. Miaka ile ya tisini mitumba ikajaa mji mzima, nguo zetu zikakosa mnunuzi, na asubuhi moja tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Nikarudi hapa Lucky Summer na kisanduku changu cha vifaa: tupa, msumeno wa chuma na vitu vya kulehemu. Nikazunguka kila lango nikiomba kibarua mpaka soli zikaisha.

Mama watoto akaanza kufunga vyombo. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia, "Baba, wacha mimi na watoto twende ushago, kule kijijini. Huko tukikosa yote, mboga hatukosi." Ndugu zangu, nawaambia, nilijua wakipanda lile basi sitaweza kuwarudisha. Ningebaki baba wa kuonekana Krismasi.

Siku moja, nyuma ya karakana fulani, nikaokota kipande cha bomba la shaba, urefu kama kidole changu cha kati. Nikakumbuka wazee wa kiwandani na viberiti vyao vya petroli, vile vya kuweka mfukoni. Nikasema, hebu nijaribu. Kitako nikakiziba kwa kulehemu. Kifuniko nikakikata kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani ilitakiwa pamba ya kunyonya petroli, na mama watoto akaufumua mto wetu bila kuuliza swali. Utambi ni uzi tu.

Lakini cheche? Hapo ndipo kwenye kazi. Jiwe la cheche na kigurudumu chake huwezi kuvichonga kwa tupa. Unavitoa ndani ya viberiti vya gesi vilivyotupwa, maana gesi huisha kabla ya jiwe. Na vinatupwa wapi kwa wingi? Mnacheka kwa sababu mnajua. Mlangoni pa baa!

Basi mimi, mwimbaji wa besi katika kwaya hii, kila asubuhi kabla baa haijafagiwa niko pale, nimeinama kwenye vizibo vya chupa. Watu wa kanisa hili wakipita kwenda kazini wananiona. Hakuna aliyenisalimu. Habari ikafika hapa kabla yangu: ndugu ameanguka, anaamkia baa.

Jumamosi moja ya mvua wakaja nyumbani kuniombea. Mzee mmoja akavuta pumzi, akamnong'oneza mwenzake, nami nasikia, "Hii si pombe, ni petroli. Siku hizi hata watu wazima wananusa kama chokoraa wa mitaani!" Kisha akaniambia kwa upole, "Ndugu, tumekuja kukuinua. Piga magoti."

Nikapiga. Nilitaka kueleza, lakini mikono yao ilikuwa tayari kichwani kwangu. Vyombo vimefungwa pale kwenye kona, watoto wananitazama nikingoja kuombewa kama mlevi. Wapendwa, nilitamani ardhi ipasuke.

Mama watoto akasimama. "Kabla hamjaomba, nauliza. Kuna aliyemwona akinywa?" Hakungoja jibu. Akachukua kiberiti changu mezani akawapa. Mama mmoja akakipokea, akakigeuzageuza, akauliza, "Hiki kinaweza kuwasha jiko?"

Njiti zetu zilikuwa zimeingia unyevu, hata chai ya wageni haijainjikwa. Yule mama akachuchumaa mbele ya jiko, na kile kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Akasukuma kigurudumu: wapi. Akasukuma tena, moto huo! Karatasi ikashika, makaa yakashika. Akainuka akiwatazama wenzake. "Huyu hajaanguka. Anatafuta unga wa watoto. Inuka, baba, tunywe chai."

Mimi nililia, sifichi, na kwenye chai nikawaeleza habari ya mlangoni pa baa.

Jumatatu nilipofika baa nikamkuta yule mama amenitangulia, kitambaa kichwani, mfuko mkononi, anamwambia mwenye baa, "Kijana, viberiti vikiisha usitupe tena. Tuwekee." Watu walisimama barabarani kutazama! Habari hiyo nayo ilifika kanisani upesi. Lakini nani angethubutu kwenda kumwombea mama yule?

Ni yeye aliyenipeleka soko la Jericho kwa wauza makaa, na wao wakawaambia wanunuzi wao habari za viberiti vyangu. Kufika mwisho wa mvua zile, kazi ilikuwa imenizidi mikono. Siku moja narudi nyumbani, nakuta mama watoto ametoa sufuria na sahani zote kwenye gunia, amezipanga kabatini. Ushago hawakwenda tena. Hao watoto ndio wale wamekaa nyuma pale.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu, na mke wangu. Namshukuru mwenye baa, ambaye hapa haingii lakini alituwekea mkebe kwenye kaunta yake. Mzee wa chokoraa, usiiname, hata wewe nakushukuru: ulitembea kwenye matope kuja kwangu, na wengi walibaki kwao wakinisema. Na wewe mama, sijakutaja, umeona?

Neno langu ni moja. Ukimwona ndugu yako ameinama mahali pabaya, usimwombee ukiwa ng'ambo ya barabara. Vuka, uiname naye, uone anaokota nini.