Mama Glavu Mbili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa maabara ambaye wenzake walimwita Mama Glavu Mbili. Ukiingia chumba chake cha maabara umevaa glavu safu moja badala ya mbili, ulitoka masikio yanawaka kwa kukemewa.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya wagonjwa, na wakifa, kukata ubongo wao vipande vyembamba. Ugonjwa wenyewe ni wa prioni. Prioni ni protini iliyojikunja vibaya, ikigusana na protini nzima, nazo zinajikunja hivyohivyo, mpaka seli za ubongo zinakufa. Dawa waliyoijaribu watafiti haikuua prioni. Ilikinga seli zisife.

Kila asubuhi alikagua viota. Panya mzima huchambua pamba akajijengea kiota. Panya anayeharibika ubongo huiacha pamba ilivyo. Wiki ya tisa, waliopewa dawa walikuwa bado wanajenga. Wiki hiyohiyo kisu cha kukatia ubongo kilipenya glavu zote mbili, kikamchoma kidole gumba.

Hakusema. Angesema, angetolewa chumbani, na hakuna mwingine aliyejua kusoma viota kama yeye. Mkali wa wote alinawa mikono akanyamaza.

Akaogopa miaka minane, wasikilizaji. Miaka minane. Kikombe kikimponyoka, anakitazama kidole gumba. Akisahau jina la jirani, jasho linamtoka. Kila akiamka alitandika kitanda, akasimama kukichunguza kama kiota cha panya. Mumewe, fundi cherehani, alimtania kwamba hoteli yao haina wageni.

Asubuhi moja mume alimkuta ameketi sakafuni, shuka mikononi, hajui aanzie wapi kutandika. Hapo ndipo alipofunguka.

“Baba watoto, nilijichoma kazini kwa kisu cha prioni. Nikifa, ubongo wangu upelekwe kulekule maabara.”

“Hata ukifa unataka kuwahi kazini?”

“Wataniona mimi, wajue kama ni kile kisu.”

Alifariki baada ya miezi mitano. Mume alitia saini fomu ya kuutoa ubongo. Majibu yalikuja: prioni. Dawa ile ingali inajaribiwa kwa panya, kwa binadamu bado.

Je, angesema siku ileile, angepona? Daktari anasema hajui. Binti wa marehemu haulizi hilo. Anasema, “Angetuambia, tungeogopa pamoja.”

Tunawapa pole mume, binti na wenzake wa maabara. Nawe uliyeumia kazini ukaficha, zima redio hii. Mwite mwenzio aliye chumba cha pili, umwambie.