Seleman Kaponda na Wageni wa Meli

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tunduma mjini, Vwawa, Itumba, Mbebe, na huko milimani ambako sauti yetu hufika kwa kukwaruza, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Seleman Kaponda. Seleman Kaponda, dereva. Wengi mlimjua kama fundi wa matairi karibu na geti la mpakani. Lakini kabla ya matairi ya watu alikuwa na lori lake mwenyewe, na leo nitawasimulia alivyolipoteza. Niwaonye mapema. Katika kisa hiki yumo mtu mmoja ambaye sina neno zuri juu yake. Nimelitafuta, sikulipata.

Seleman alizaliwa Urambo. Alifika Tunduma mwaka 1966, kijana, utingo kwenye malori yaliyokuwa yakipeleka mafuta Zambia. Wazee mnaikumbuka barabara ile. Kiangazi vumbi, masika matope, na kila mteremko una mzoga wa gari. Seleman alilala chini ya magari, akala mihogo mikavu, akajifunza usukani kwa madereva waliokuwa na usingizi. Wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, walimwita Ba Seleman, kwa heshima ya lugha yao. Mwaka 1971 akanunua lori kuukuu aina ya Bedford kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Mwaka huohuo akamwoa Bi Fatu, ambaye leo ni mjane wake.

"Alianza kuoa gari," Bi Fatu ametuambia. "Mimi nilifuata. Na gari lilioshwa kila siku."

Sasa tufike mwaka 1977. Habari zilifika Vwawa kwamba meli kubwa ya watalii inakuja Dar es Salaam. Meli ya watalii, siyo ya mizigo. Hoteli nzima inaelea juu ya maji, walisema, imejaa Wazungu. Itakaa bandarini wiki nzima, na kundi moja la abiria wake litapandishwa treni, maana reli ilikuwa bado mpya, lije hadi Mbozi kukitazama Kimondo, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani.

Ikaundwa kamati ya mapokezi. Mwenyekiti akawa Timotheo Mwazembe, mmoja wa viongozi wa pale. Huyu ndiye mtu niliyewaonya. Timotheo alikuwa ameiona bahari mara moja tu, kwenye semina, na mara hiyo moja ilimtosha kuwafundisha bahari watu wa Mbozi mpaka wakachoka. Alikuwa na suti moja ya kijivu, na tangu habari ya meli ifike hakuivua. Alianza hata kutembea polepole, kama mtu anayepigwa picha.

Kwenye mkutano wa kwanza Seleman, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Vwawa na Bi Fatu, alinyoosha mkono. Hakutaka kubishana. Alisema tu kile ambacho kila dereva wa Tunduma alikuwa akikisema vijiweni.

"Ndugu Mwenyekiti, bandari imejaa. Meli za ngano, za mbolea, za mizigo ya Zambia, zote zimesimama nje zinasubiri gati. Hiyo ya wageni itafungwa wapi?"

Timotheo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Meli ya wageni haipangi foleni, bwana dereva. Kaa chini."

Seleman akakaa. Na kabla mkutano haujafungwa, lori lake lilikuwa limeshachukuliwa. Kwa muda, walisema. Litawatoa wageni stesheni ya Vwawa na kuwafikisha kwenye Kimondo. Likapigiliwa mabenchi. Mabenchi yakapakwa rangi ya buluu. Juu likafungwa turubai jipya. Likawekewa pipa zima la dizeli, wasikilizaji wapendwa, pipa zima, na huku kahawa ya wakulima imelala kwenye magunia kwa kukosa usafiri. Kisha likaegeshwa uani kwenye ofisi ya kamati, na mlinzi mwenye rungu akawekwa.

Haikutosha. Timotheo akataka mazoezi. Watu wa Ihanda, waliokuwa katikati ya msimu wa kuchuma kahawa, walisombwa ili wawe Wazungu. Ndiyo, wawe Wazungu. Mwenyekiti alipita kwenye mstari akiwagawia uraia. Wewe Mwingereza. Wewe Mwitaliano. Wakapandishwa lorini kwa ngazi, wakaketi, wakateremshwa, wakapandishwa tena. Wanawake waliambiwa wapige vigelegele kila Mwitaliano anapokanyaga chini. Mkulima mmoja, Andongwisye, alifanywa Mjerumani. Mke wake Tulinagwe, mjamzito wa kukaribia kujifungua, alisimama juani ameshika maua.

Seleman aliyatazama hayo akiwa ameegemea ukuta. Jioni alimwambia Bi Fatu, "Leo nimewaona watu wazima wakifanywa vikaragosi. Na mimi ndiye mwenye lori."

Siku ya wageni ikafika. Ngoma zikapigwa. Treni ikaingia. Walishuka wanunuzi wawili wa kahawa na mama mmoja mwenye tenga la kuku. Kwaya, iliyokuwa imeshavuta pumzi, ikaimba hivyohivyo. Yule mama akasimama, akaweka tenga chini, akasikiliza wimbo wote kwa adabu.

"Watakuja kesho," alisema Timotheo.

Kesho hawakuja. Keshokutwa hawakuja.

Ndipo asubuhi moja Andongwisye akafika Vwawa kwa baiskeli, shati limeloa jasho. Tulinagwe alikuwa na uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Mkunga wa kijiji amesema hapa mimi basi, mpelekeni hospitali ya misheni. Machela isingefika. Andongwisye alimkuta Seleman nje ya uzio wa ofisi, akilitazama lori lake kama kawaida yake. Wakaingia pamoja kwa Mwenyekiti.

Maneno ya chumba kile aliyahifadhi Andongwisye hadi kufa, na Tulinagwe ameturudishia kama alivyoyasikia kwa mumewe.

"Gari hilo ni la wageni," alisema Timotheo.

"Wageni hawapo, Mwenyekiti," alisema Seleman. "Nakwenda na kurudi. Mchana nitakuwa hapa."

"Na treni ikiingia? Na mabenchi? Mgeni atoke Ulaya akalie damu?"

Andongwisye akapiga magoti. "Mwenyekiti, juzi ulinipandisha humo nikiwa Mjerumani. Leo mke wangu hawezi kupanda akiwa mke wangu?"

"Usinichezee akili," alisema Timotheo. "Tafuta usafiri mwingine." Akarudi kupiga pasi tai yake. Alikuwa akipiga pasi tai, wasikilizaji wapendwa. Pasi ya mkaa, mezani.

Wakatoka. Na hapa nisimpambe marehemu, kwa sababu mwenyewe hakupenda kupambwa. Seleman alitii. Alizunguka Vwawa nzima akitafuta gari jingine. Aliomba huku, akaomba kule. Jua lilipita utosini. Hakuna aliyekuwa na dizeli, maana dizeli yote ilikuwa kwenye pipa la wageni. Ndipo akarudi uani, akampita mlinzi bila salamu, akapanda, akawasha. Mlinzi aliinua rungu, kisha akalishusha na kufungua geti. Timotheo alitoka mbio, tai imening'inia upande mmoja, akipiga kelele kwamba huo ni wizi.

Lori likafika Ihanda. Tulinagwe akapandishwa kwa ngazi ileile ya Wazungu, akalazwa kwenye benchi la buluu. Seleman aliendesha, mkono mmoja nje ya dirisha, akiwapungia watu wapishe. Barabara ilikuwa mbaya. Kila shimo mwanamke alilia, na kila alipolia dereva aliomba msamaha kwa sauti, kana kwamba shimo ni lake.

Tulinagwe alipona. Mtoto alifariki. Alikuwa wa kiume.

"Daktari alisema mngenileta asubuhi," Tulinagwe ametuambia. "Hakusema zaidi. Seleman alikuwa mlangoni, akasikia. Akatoka nje, akang'oa lile benchi kwa mikono."

Na meli? Meli, wasikilizaji wapendwa, ilikuja. Habari ililetwa na madereva wa Zambia waliotoka bandarini. Ilisimama nje pamoja na zile nyingine, inasubiri gati. Gati halikupatikana. Abiria wachache walishushwa kwa mashua ndogo kwa zamu, wakatembea mjini, wakanunua vinyago, wakarudishwa melini. Kisha ikang'oa nanga ikaenda zake. Habari za Kimondo hakuna aliyeziuliza. Habari za Timotheo Mwazembe ndio kabisa.

Mngetarajia anyamaze. Hakunyamaza. Mtu wa aina ile huwa hanyamazi. Aliitisha mkutano wa hadhara, si wa kueleza wageni wako wapi, bali wa kumshtaki Seleman.

"Umeiba gari la wageni," alisema.

"Wageni gani?" aliuliza Seleman.

Watu wakaanza kukohoa, kikohozi kile cha kuzuia kicheko.

"Umeiba gari!"

"Nimeiba gari langu?"

Lori lilikuwa limeshanyang'anywa tena na kufungiwa uani. Timotheo akatoa masharti. Seleman aombe radhi mbele ya watu, na lori atarudishiwa. Asipoomba, kibali cha kubeba mizigo kitafutwa na lori litabaki uani. Sentensi moja tu ilitakiwa. Bi Fatu alikuwepo, mtoto mgongoni. Lori lile ndilo lililokuwa chakula chao.

Seleman alimtazama Mwenyekiti kuanzia viatu hadi miwani.

"Radhi nilishamwomba Tulinagwe," alisema, "kwa sababu nilikusikiliza. Kwako sina."

Akaondoka. Lori lilibaki uani. Likanyeshewa, likavuliwa matairi, betri, vioo, moja baada ya jingine, mpaka kuku wakatagia ndani. Wenye kusaini kibali wote walikuwa wakila meza moja na Timotheo. Seleman akarudi Tunduma, akaanza kuziba pancha za magari ya wenzake. Bi Fatu aliuza maandazi. Miaka miwili ya kwanza, anasema, Seleman akisikia Bedford inapanda kilima aliacha kazi mpaka ipite.

"Nilimlaumu?" anasema Bi Fatu. "Nilimlaumu sana. Watoto walilala na uji. Lakini sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa barabarani, na mimi nikazoea kutembea hivyohivyo."

Mwaka 1983 Timotheo alikuja Tunduma. Alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi na alitaka kuurudia. Alitaka watu wamwone ameketi na Seleman Kaponda. Akaja mchana nyumbani kwa Seleman, akachagua kiti cha barazani, kinachoonekana na wapita njia wote. Zile zilikuwa siku za shida, mnazikumbuka. Sabuni imeisha, sukari imeisha, chumvi imeisha.

"Mzee mwenzangu," alisema Timotheo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "yale yamepita. Tusameheane."

Seleman alikuwa na tairi mapajani. Hakulitua.

"Mama Mwasiti," alimwita mkewe, "mpe mgeni chai. Mwambie chai ipo. Sukari imeisha. Na msamaha umeisha."

Bi Fatu akaleta chai ile chungu. Timotheo, mbele ya barabara nzima, akainywa yote.

Seleman Kaponda aliziba matairi hadi macho yalipokataa. Alifariki Jumanne nyumbani kwake, akazikwa Jumatano baada ya swala ya adhuhuri. Kutoka Ihanda lilikuja lori limejaa watu. Tulinagwe, sasa bibi wa fimbo, aliketi mbele kwa dereva.

Kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole kwa Bi Fatu, kwa binti yake Mwasiti na ndugu zake, kwa jamaa wa Urambo, na kwa mafundi wote wa mpakani. Mungu amweke mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa na funguo za geti fulani mfukoni, za gari, za ghala, za zahanati, kaeni kidogo mtafakari. Kuna mtu amesimama nje ya geti hilo sasa hivi. Mtazameni usoni kabla hamjamwambia asubiri.