Barafu ya Mama Nyota

Bapapa na bamama, mimi ni Wenceslas, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Mama Nyota Lisasi alizaliwa Basoko tarehe 14 Machi 1943, akabatizwa Philomène, jina aliloliweka kando mwaka 1972 kwa amri ya Serikali ya kuacha majina ya kigeni, ingawa mama yetu aliendelea kumwita hivyo mpaka alipofariki. Alisoma kwa masista huko Basoko, akaja mjini hapa kwa sekondari, akapata lisansi, yaani shahada, ya biolojia mwaka 1969, na tarehe 8 Agosti 1970 akafunga ndoa na shemeji Hilaire, wakajaliwa Delphine, anayesomea uuguzi Basoko, na Emile.

Alirudi kutoka masomoni Ubelgiji mwaka 1979, akafundisha chuo kikuu hapa, huku akichunguza jambo moja tu: ndani ya seli mna RNA ndogo ndogo, amri fupi za kunyamazisha amri nyingine, naye alitaka kujua kwa nini seli huikata moja upesi na kuiacha nyingine iishi. Alituchosha nayo mezani, Mungu anisamehe, akisema ile yenye mkia uliokunjwa vizuri, au iliyoshikwa na protini ya kuilinda, hudumu, bali ile isiyo na wa kuishika huliwa. Hata kidole kitupu huiharibu, kwa hiyo hakuna aliyegusa vichupa vyake vya RNA iliyogandishwa, na umeme ulipokatika aliagiza barafu kwa wauza samaki.

Oktoba 1988 ini lilianza kumsumbua, na kabla hajafariki, alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Februari 1989, aliomba mawili: vichupa visiyeyuke mpaka msaidizi wake Évariste amalize kazi yao, na Delphine amwone uso kabla ya kaburi. Siku ileile umeme ulikatika mji mzima, chumba cha maiti kikaanza kupata joto, boti ya Basoko ikachelewa, na barafu yote iliyopatikana ilikuwa ndani ya sanduku la vichupa. Shemeji alisimama mbele ya sanduku akilia, asijue la kufanya, ndipo Évariste akalifungua mwenyewe, akasema, "Papa, beba yote, mutoto aone mama yake."

Barafu yote ilimzunguka dada mpaka Delphine alipofika jana jioni, akamshika mama yake uso kwa mikono miwili. Vichupa vimeyeyuka, kazi ya tangu mwaka 1979 imepotea, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa chuo, bamama wauza samaki, na zaidi wewe, Évariste. Pumzika kwa amani, dada, hukukosa wa kukushika.