Siku Mume Wangu Alipolala Kwenye Mashine

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu anayetufuta machozi. Wengi mlimfahamu mume wangu, Baba Neema, fundi wa kuchimba visima huko kwetu Chanika. Mlikuja kumzika. Leo nimesimama kushuhudia, na msinishangae nikilia.

Zamani kisima kiliwaporomokea yeye na mwenzake. Mume wangu alitolewa hai, mwenzake alitolewa maiti. Tangu hapo hakuweza kukaa mahali pa kubana. Tulilala mlango wazi, mvua inyeshe, mbu waingie. Tulifunga na kuomba, hofu haikutoka.

Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Miguu ikafa ganzi, akawa anaanguka uani. Daktari akasema lazima apigwe MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, uti wa mgongo uonekane. Ile mashine ya kwanza ilikuwa kama bomba. Kichwa kilipoingia tu, alipiga kelele akimwita yule mwenzake aliyekufa. Wakamtoa ameloa jasho. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama Neema, niache nife na mgongo wangu. Mle sirudi."

Ndugu zangu, nilikata tamaa. Nilimtazama akitambaa kwenda chooni, nikamuuliza Mungu kama anatuona.

Baadaye daktari akatuelekeza hospitali yenye MRI ya wazi. Mume wangu alikubali kwa sababu aliahidiwa kwamba nitakaa naye. Dada wa vipimo alimwamkia shikamoo, akatuuliza kama tuna chuma chochote mwilini, tukavua pete na mkanda, simu tukaiacha nje. Akamwambia, "Baba, haiumi. Itagonga kwa kelele, ndiyo maana nakuziba masikio. Wewe tulia tu, ukijitikisa picha inaharibika. Ukizidiwa, minya hiki kimpira, nitasimamisha."

Alilala kitandani, sahani kubwa ya mashine juu yake na nyingine chini, pembeni wazi. Nilimshika mkono. Mashine ikaanza kugonga kama nyundo kwenye bati. Alinibana vidole, nikaona midomo ikiita, Yesu, Yesu. Ilichukua muda mrefu. Halafu mkono ukalegea. Nikaogopa, nikainama kumtazama. Alikuwa amelala usingizi, katikati ya kelele zile. Machozi yalinitiririka, nami sikuthubutu kuyafuta, nisije nikamtikisa.

Majibu hayakuwa mazuri. Daktari alituonyesha uvimbe kwenye uti wa mgongo, akasema umeshasambaa, wangeweza kumpunguzia maumivu tu. Nililia palepale. Mume wangu akanishika bega. Usiku ule aliniambia, "Mama Neema, funga mlango, mbu wanakusumbua." Nikaufunga. Alilala mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo tulivyolala mpaka Bwana alipomchukua.

Sitawadanganya. Niliomba apone, hakupona, na bado inaniuma kila nikiandaa chai ya mtu mmoja. Lakini namshukuru Mungu, kwa sababu mume wangu aliondoka duniani akiwa haogopi. Hofu iliyomtesa miaka yote ilimwachia kabla hajafa.

Kama yupo hapa aliyeandikiwa kipimo hicho naye anaogopa, mwamini Mungu, usikae na maumivu ndani ya nyumba kama sisi. Muulize daktari wako kama ile ya wazi itakufaa. Na kama huna wa kukusindikiza, niambie tukitoka hapa. Nitakwenda na wewe, nitakaa pembeni yako.