Mwalimu Mikataba na Ukuta wa Nyumbani

Kwa unyenyekevu mbele za Mungu, sisi watoto tunaeleza safari ya baba yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Mikataba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi wa mabehewa. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye ndiye Baba mdogo wetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Walilala kitanda kimoja hadi marehemu alipokwenda sekondari ya bweni, na bibi alikuwa akisema ugomvi wao pekee ulikuwa blanketi.

Mwaka 1976 alihitimu shahada ya sheria ya kimataifa. Wenzake walikwenda mahakamani. Yeye akachagua chaki. Aliamini kwamba mkataba usiofundishwa shuleni ni taa isiyo na mafuta.

Alifundisha chuo cha ualimu hadi alipostaafu, na pia alifundisha askari waliojiandaa kwenda kulinda amani nchi za mbali; mara nyingine aliitwa ng'ambo kwenye mikutano ya amani. Darasani alikuwa na sheria moja: hutetei upande wako kabla hujaieleza kesi ya mpinzani wako, naye mpinzani huyo mwenyewe akasema, "Ndivyo." Siku moja wanafunzi wawili waliigiza nchi zinazogombea mto. Mmoja akapiga meza.

"Mwalimu, huyu mwongo! Nimtetee vipi?"

"Mtetee na uongo wake, mwanangu. Ukimaliza utajua ni uongo wa kiasi gani."

Darasa liliangua kicheko, lakini kabla ya kengele mto ulikuwa umegawanywa.

Sajenti mmoja, aliye nasi hapa, alitusimulia juzi jinsi vijana wake walivyotaka kummaliza adui aliyejeruhiwa. "Nikamkumbuka Mwalimu: aliyeweka silaha chini si adui tena, ni mgonjwa. Nikaagiza machela."

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisemwe leo. Mwaka 2009, Baba mdogo alipokuwa safarini kumzika mama mkwe wake, marehemu alijenga ukuta katikati ya kiwanja cha babu, tulipoishi familia zote mbili, na bomba la maji likabaki upande wetu. Baba mdogo aliporudi alikuta saruji bado mbichi.

"Kaka, mataifa yote unayapatanisha, mimi umesubiri niende msibani?"

Marehemu akamwonyesha ramani ya kiwanja. Hawakusemezana tena. Mke wa Baba mdogo akawa anachota maji barabarani, akipita na ndoo mbele ya dirisha ambapo marehemu alisahihisha madaftari. Marehemu aliacha kulifungua dirisha hilo.

Mwaka jana aliugua mapafu. Tulipotaka kumwita Baba mdogo alikataa: "Mkosaji ndiye anayekwenda. Nikipata nguvu nitakwenda kwa miguu yangu." Nguvu hazikurudi. Jumapili yake ya mwisho aliniambia mimi, binti yake mkubwa: "Nimesimama mbele ya majenerali, mlango wa ndugu yangu nimeuogopa. Msinizike kabla hamjaieleza kesi yake." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, mama akimwombea.

Basi kesi ya Baba mdogo ni hii. Mtaro wa bomba lile aliuchimba yeye kwa sururu, mvua ikimnyeshea, wakati marehemu yuko ng'ambo kwenye mkutano wa amani. Mpaka hakuukataa kamwe. Alitaka kuulizwa, kama ndugu. Ukuta ulijengwa akiwa na msiba, wakati ambao hata majeshi hunyamazisha bunduki. Ramani ilimpa marehemu haki. Hata hivyo kosa lilikuwa lake, na alilijua kila aliposikia ndoo ikipita.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu mmoja.

Baba mdogo, kwa sheria ya darasa la marehemu, hatuwezi kuendelea kabla wewe mwenyewe hujasema kama tumeieleza sawasawa. Jeneza liko hapa, linakungoja. Ukitamka neno lile, "Ndivyo," ndipo nasi tutathubutu kumwomba Mungu ampe kaka yako amani aliyoifundisha mbali, akaikosa ukutani kwake.