Daktari wa Dirishani: Tunamuaga Bwana Mwangangi

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye kliniki yetu ya ngozi, Bwana Mwangangi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ikanipata mimi, Mutuku dereva. Shule niliiacha mapema, lakini nimeendesha gari hadi Kigali na Lubumbashi, na huyu daktari nimembeba kuliko mtu yeyote Machakos. Kwa hivyo kamati imechagua vizuri.

Alipoanza hakuwa hata na kiti, aliazima cha mapokezi. Leo wagonjwa wanamuulizia kutoka Kyumbi hadi Athi River. Ana tabia moja ya kuudhi: ukija na mkono unaowasha, atataka kuona mgongo, kiuno na mapaja pia, pale dirishani kwenye mwanga wa jua, nesi akikushikia leso ikusitiri.

Abdisalan, mfanyabiashara wa mifugo, alimwambia, "Daktari, kama ni mapaja unataka, kuja ukague ya mbuzi zangu." Mwishowe alikubali, akinung'unika. Mapajani kulikuwa na mabaka meupe yasiyouma, ambayo yeye aliyaita mba tu. Kipande cha ngozi kikapelekwa Nairobi kupimwa, kikarudi na jina la limfoma, saratani adimu inayokaa kwenye ngozi. Iliwahiwa. Kila Idi tunakula nyama yake.

Ugonjwa huo ni tapeli, hubadilisha sura. Kavindu, wa kiwanda cha saruji, alikuwa anawashwa mwili mzima, ngozi imekauka na inabambuka, na kila mtu alilaumu saruji. Ilikuwa ni huohuo. Kwa wengine hujitokeza kama uvimbe.

Huo wa uvimbe ndio unaomuuma Mwangangi mpaka leo. Kabla ya hawa wote kulikuwa na Syokau wa Mitaboni, mama mkwe wake. Wakamba wenzangu mnajua nthoni: mama mkwe humwangalii hata akifunga leso vibaya, sembuse kumkagua kiuno. Mama alituma ujumbe kwamba anawashwa, Mwangangi akatuma dawa ya kupaka. Muwasho ulipungua, ukarudi, dawa ikatumwa tena. Hakumwona, na aliona aibu hata kumwomba daktari mwingine amwone. Siku nilipoenda kumchukua mama kwa gari, uvimbe ulikuwa umeshapasuka. Hatukukaa naye sana. Dirisha na leso vilianza baada ya mazishi yale.

Tangu siku hiyo hajakanyaga boma la Syokau. Kila Krismasi yeye ndiye huomba zamu, na sisi wajinga tulikuwa tunamsifu kwa kujitolea.

Kamati ilipomuuliza mkewe, Kamene, tununue zawadi gani, alisema, "Msinunue kitu. Mimi sijawahi kumlaumu. Mumpeleke tu kwa mama, kwa sababu mimi nikimwambia, anatafuta zamu."

Basi, daktari, zamu zimeisha. Asante kwa kila ngozi uliyoiangalia mpaka mwenyewe akakasirika. Tutakukosa vibaya, na mimi nitakukosa kuliko wote, hata kama nimeandika kwa mzaha. Keki ikishakatwa, toka nje. Kamene ameshakaa kwenye gari, maua anayo, na dereva unamjua. Maisha yako ya kupumzika yawe mema, na yaanzie leo, Mitaboni.